Namba Aliyoijua Baba Watoto

Simu ya duka la shemeji yangu ilikuwa nyeusi, nzito kama pasi ya makaa, na ubavuni ilikuwa na mkono mdogo wa kuzungusha. Ukizungusha, msichana wa posta anaitikia, "Namba?" Unamwambia unataka Machakos au Nairobi, naye anakuambia weka chini ungoje. Kuna siku ulingoja mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Msimu wa mvua, nguzo zilianguka pamoja na udongo wa matuta, laini ikafa, tukakaa tukikitazama kile chuma juu ya kaunta kama mgonjwa asiyeitikia. Lakini ndiyo iliyokuwa simu yetu hapo Kikima, na namba yake ilikuwa fupi: jina la soko na tarakimu mbili. Hata mtu asiyejua kusoma angeishika.

Mume wangu aliishika. Alikuwa dereva wa lori kubwa, la kuvuta trela, akipakia Mombasa na kushusha Kampala au Kigali, na mara nyingine akavuka mpaka kuingia Zaire. Njiani alipita Malili, soko la barabara kuu chini ya milima yetu, na akipewa ruhusa aliliacha lori hapo na tanboi wake, yaani msaidizi wake wa njiani, akapanda milima kuja kutuona. Asipopewa ruhusa alipita tu. Basi alitafuta simu popote alipofika, akapiga dukani kwa kaka yake, na kaka yake akatuma mtu aje kuniita. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya soko. Nilipanda mbio na udongo wa shamba mikononi.

"Mko aje?"

"Tuko salama."

"Watoto?"

"Wako shule."

"Mwaitu?"

Mwaitu ndivyo tulivyomwita mama yake, kwa Kikamba chetu. "Yuko. Anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula."

Hatukusema zaidi ya hayo. Kulikuwa na watu dukani wakinunua misumari na simiti, nao walisikia kila neno, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake neno la ndani. Lakini nilishuka shambani nikijua mume wangu yuko hai na yuko wapi, na kwangu hilo lilitosha.

Mara ya mwisho alipiga kutoka mji wa mpakani. Sauti yake ilikuja na kuondoka, kama mtu anayeongea huku akifunikwa blanketi. Alisema mzigo unatakiwa ufikishwe ndani ya Zaire, na barabara ina askari wengi, wengine hata hawajulikani ni wa nani.

"Si urudi," nikamwambia.

"Nikirudi na mzigo nitafutwa kazi. Nikitoka huko nitakupigia."

Wakati huo ndipo vita vilipoingia Zaire. Tulivisikia redioni, majina ya miji aliyokuwa akitusimulia, moja baada ya jingine, yakitajwa na mtu mwenye sauti nzuri isiyo na haraka. Shemeji aliipigia ofisi ya lori kule Mombasa. Wakasema hata wao wanalitafuta lori lao. Alipiga tena baada ya miezi, akaambiwa na mtu mwingine kabisa kwamba mwenye malori ameuza yote na ofisi sasa ni ya kuuza magodoro.

Nilimwomba shemeji nimsaidie kuuza dukani. Alijua sababu, na hakuitaja. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na yule alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Alinipa kiti nyuma ya kaunta, upande wa simu. Nilipima misumari, nilihesabu mabati, na kila kengele ilipolia moyo wangu ulitangulia mkono. Ilikuwa ni mtu wa Tawa akiuliza kama rangi imefika. Ilikuwa ni msichana wa posta akijaribu laini. Nilijifunza kuitikia bila kusikika kwamba nimevunjika moyo.

Kanisani, mchungaji alimwombea kila Jumapili: ndugu yetu aliye safarini. Mwaka ukaisha, na wa pili ukaanza, na Jumapili moja nikagundua kwamba maombi yamepita na hakutajwa. Wanawake wajane walikuwa na kikundi chao, na kiongozi wao akanishika mkono tukitoka. "Njoo ukae na sisi," akasema. "Si lazima useme lolote." Nilimshukuru. Sikwenda.

Baba yangu alikuja kutoka Matinyani. Huko ndiko nilikozaliwa, upande wa Kitui, nchi kavu ambako maji ni ya kuchimbwa mchangani. Alikuwa mzee, na alikuwa amebadilisha gari mara tatu ili anifikie. Tuliketi nje ya nyumba yangu, akatazama migomba na mboga za milima yetu ya Mbooni, zote kijani, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, rudi nyumbani. Watoto watasoma hata kule."

"Baba, akipiga simu atanipata wapi?"

"Tutamwachia shemeji yako ujumbe."

"Matinyani hakuna simu."

"Ndiyo, hakuna." Akachora chini kwa fimbo yake. "Miaka hii yote, simu hii imekuambia nini?"

Nikainuka kwenda kumpikia chai. Alilala siku mbili, akarudi peke yake.

Ndipo simu za mkono zikaanza kuonekana. Shemeji alikuwa ameteremka Malili kununua vitunguu vya mke wake, akamwona mfanyabiashara amesimama kando ya gunia, akiongea na Nairobi huku akichagua nyanya. Hakuzungusha chochote. Hakumngojea mtu wa posta. Shemeji alirudi na hiyo habari kama mtu aliyeokoka upya. Biashara yake ilikuwa ikiumia, na sitasema ilikuwa uongo. Mteja akitaka mabati alipiga, simu imekufa, akaenda mjini Wote au Machakos. Kisha watu walianza kuiba nyaya za shaba kwenye nguzo, na mafundi wakawa wanachelewa zaidi ya zamani.

Aliniita jioni moja tukifunga duka.

"Shemeji, nafikiria kuhamia ile ya mkono."

"Na hii?"

"Hii nitairudisha. Nalipia kitu kisichofanya kazi."

Niliweka kufuli chini. "Hii ndiyo namba anayoijua."

"Najua."

"Hajui nyingine. Hata huyo atakayemwokota, akimuuliza kwenu ni wapi, hii ndiyo namba atakayoitaja."

"Shemeji, mimi pia ni mtoto wa mama yake," akasema. "Unafikiri silali nikiwaza? Lakini hata akipiga leo, itaita wapi? Imekufa tangu mvua ianze."

Tukakubaliana kitu katikati. Alinunua simu ya mkono, na ile nyeusi akaiacha kwa muda, akiendelea kulipia. Ile mpya haikushika ndani ya duka. Mtandao ulikuwa wa kufuata barabara kuu, na sisi tulikuwa nyuma ya mlima. Fundi wa redio akamtengenezea antena ya vijiti vya alumini, akaifunga juu ya mti mrefu wa mkaratusi uliokatwa na kusimikwa kando ya duka, na waya ukaingia kupitia dirishani. Watu walikuja kuutazama mti ule. Upepo ukiugeuza, mazungumzo yanakatika, na shemeji anatoka nje kuurudisha uelekee mabondeni. Hata hivyo aliongea na Nairobi siku hiyo hiyo aliyotaka kuongea na Nairobi, na wateja wakaanza kurudi.

Ile nyeusi haikulia tena. Mwisho mtu wa posta alituambia wazi kwamba mitambo ya kuzungusha inafungwa, na laini za upande wetu huenda zisirudi. Mafundi walikuja na ngazi, wakakata waya kwenye ukuta. Niliomba waniachie simu yenyewe. Wakasema ni mali ya serikali.

Nilikaa na hilo kwa siku kadhaa, kisha nikaamua kwamba ikiwa mume wangu hawezi kuipata namba mpya, basi namba itaenda kumtafuta. Nilishuka Malili. Malori ya kwenda bara yalisimama hapo, madereva wakinywa chai na kula nyama, na wengi walikuwa watu wetu. Nilikwenda meza hadi meza. Nilijieleza mimi ni nani, mume wangu ni nani, lori lake lilikuwa la rangi gani, na nikawapa namba.

Wengine walimjua. "Yule mtu mrefu wa Mbooni? Aliyekuwa anaimba nyimbo za kanisa akiendesha?"

"Huyo."

Wakaweka vikombe chini. Kisha mmoja akapanda kwenye lori lake, akashusha kile kizuizi cha jua kilicho juu ya kioo, akaniita nisogee nisome namba polepole huku akiiandika kwa kalamu ya wino. "Hapa haitapotea," akasema. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Nilishuka Malili tena na tena mwaka ule, kila nilipopata nafasi, mpaka wauza chai wakawa wananijulisha wenyewe kwa madereva wapya: huyu ni yule mama wa namba. Nilirudi milimani nikihesabu kichwani malori yanayokwenda upande wa vita na namba yetu ndani yake. Kwa mara ya kwanza tangu apotee nilipata usingizi.

Kisha ikaja kampuni ya pili.

Siwezi kueleza vizuri jinsi watu walivyohama siku zile. Ilikuwa kama ng'ombe wanaonusa maji. Yeyote aliyekuwa na simu alizungumzia ipi inashika wapi, ipi inakata pesa kidogo, ipi imejenga mnara karibu. Mnara wa hii mpya ulisimamishwa mahali palipotutazama moja kwa moja. Simu ikashika dukani, kanisani, hata jikoni kwa mwaitu. Shemeji alirudi kutoka Machakos na laini mpya ndani ya simu yake, amefurahi, na akaing'oa antena ile ya alumini kwa mikono yake mwenyewe.

"Umebadilisha namba?" nikamuuliza.

"Lazima. Ukihama kampuni unapewa namba yao. Ya zamani haihami na wewe."

"Shemeji. Na wale madereva?"

Akakaa juu ya mfuko wa simiti. Nadhani hakuwa amewasahau. Nadhani aliwakumbuka njiani, akaamua asiwakumbuke.

"Wateja wangu wote wamehamia huku," akasema. "Kuwapigia kutoka ile ya zamani ni kuchoma pesa. Na wale madereva wana namba yetu mwaka mzima sasa. Kuna hata mmoja alipiga?"

"Bado."

"Hiyo bado yako..." Hakumaliza. Akainuka, akaingiza mkono mfukoni, akanipa ile laini ya zamani, kipande kidogo kama ukucha. "Kaa nayo. Siku nyingine nitakuazima simu uiweke."

Basi nikawa na laini isiyo na simu. Simu yenyewe ilikuwa bei ya ng'ombe, na mimi sikuwa na ng'ombe. Jumapili, baada ya ibada, shemeji alinipa simu yake. Nilipanda kilima kilicho juu ya kanisa, mahali ambapo mtandao wa kampuni ya kwanza ulikuwa ukipatikana, nikabadilisha laini, kwa uangalifu nisije nikaiangusha majanini. Nilikaa hapo nikiishika mpaka jioni. Haikulia. Wengine wa kanisa walidhani napanda kuomba, wakaniheshimu kwa hilo. Mke wa shemeji peke yake ndiye aliyenifuata siku moja, akaketi kando yangu na mwavuli, akasema, "Kama angepiga Jumanne, dada, ungejuaje?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akitaka kujua kweli.

Nilishuka Malili mara moja kuwapa madereva namba ya pili. Wengi niliowapa ya kwanza hawakuwapo. Walikuwa Juba, walikuwa Kigali, walikuwa wamebadilisha malori. Wachache niliowakuta walifuta na kuandika upya. Mmoja aliniambia kwa upole, "Mama, chagueni moja mbaki nayo."

Halafu Jumapili moja niliiweka laini ya zamani na simu ikaandika maneno ya Kiingereza. Nikampelekea shemeji. Akayasoma, akanieleza kwamba laini isiyowekwa pesa kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huenda ikapewa mtu mwingine. Hakuna aliyetuambia hivyo. Au labda ilikuwa imeandikwa mahali, na sisi hatukujua pa kuangalia.

Dereva alikuja mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa dukani. Nilimtambua: alikuwa yule wa kwanza, aliyeandika namba kwenye kizuizi cha jua. Alikuwa amepanda kwa miguu sehemu ya mwisho kwa sababu gari lilimshusha Tawa, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Hakusalimu kama mtu aliyekuja kununua. Alivua kofia.

"Mama, kuna mwanamume hapa wa nyumbani?"

Nikamwita shemeji kutoka stoo. Dereva akatuomba tuketi. Tukaketi wote watatu nyuma ya kaunta, na mlango ukarudishwa.

Alisema alimkuta mume wangu katika hospitali ya misheni upande wa Uganda, karibu na mpaka. Alikuwa amempeleka tanboi wake aliyeshikwa na malaria, na mgonjwa wa kitanda cha pili akamsikia akiongea Kikamba, akamwita. Ndiye mume wangu, amekonda mpaka dereva hakumtambua mara moja. Askari walilichukua lori zamani, yeye akakaa ndani ya nchi ile miaka, akifanya kazi za mikono mahali ambapo hapakuwa na njia ya kutoka. Alipopata njia, mapafu yalikuwa yamekwisha kuharibika.

"Alijaribu kupiga?" nikauliza.

"Alijaribu ile ya zamani ya kuzungusha. Walimwambia haipo. Nikamwambia usijali, ninayo namba ya mke wako, amenisomea mwenyewe. Mama, alilia. Tukamtoa nje kwa kiti, tukaenda kwa mtu wa simu. Nikapiga." Akaikunja kofia yake. "Ikasema mteja hapatikani. Tukapiga kesho yake, na kesho yake tena. Mteja hapatikani."

Shemeji aliweka mikono yote miwili usoni.

"Mimi mzigo ulikuwa ukinidai. Nikaenda. Niliporudi walikuwa wamemzika."

Nilisikia nje mtu akigonga mlango, akiuliza kama kuna misumari ya mabati.

"Alisema nini?" nikauliza. "Ilipokosa kuingia, alisema nini?"

Dereva alinitazama, na nikaona kwamba alikuwa amesafiri njia yote hiyo akitumaini nisiulize.

"Alisema labda umerudi kwenu Matinyani."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile miaka yote, mita chache kutoka ukuta ambamo waya ulikatwa. Sikurudi popote. Baba yangu aliondoka peke yake kwa sababu sikutaka kurudi.

Shemeji aliishusha mikono usoni. "Nimemuua ndugu yangu," akasema.

"Mapafu yalikuwa yamekwisha," dereva akamjibu. "Hata mngepokea, asingepona."

"Lakini angesikia sauti yetu," shemeji akasema.

Nilimtazama shemeji yangu akilia, nikatafuta ndani yangu hasira ya kumtupia, nikakuta mahali pake ni patupu. Mtu aliyechagua simu inayoshika, nani atamhukumu? Angefanya hivyo mtu yeyote mwenye duka Kikima, na walifanya.

Tulikwenda wote kumwambia mwaitu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, na alipotuona tumefuatana aliweka ungo chini. Shemeji alijaribu kusema, akashindwa, ikabidi niseme mimi. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Nani alimfumba macho?"

"Watu wa hospitali, mwaitu."

"Walijua jina lake?"

"Walijua."

Akaushika ungo tena, akaanza kutoa mawe, moja moja, huku sisi tumesimama. Usiku ule alilala mapema, na asubuhi hakuamka kwenda shambani, wala ya pili, na tangu hapo hakuwa tena mwanamke tuliyemjua.

Kanisa lilitufanyia ibada bila jeneza. Kikundi cha wajane kilinitengea nafasi kwenye benchi lao, na safari hii nikakaa. Shemeji aliahidi kwamba tutakwenda Uganda, mimi na yeye, tuweke hata msalaba. Lakini mvua ya vuli ilikosa mwaka ule na uliofuata, ada za shule zikaja, mwaitu akawa wa kuinuliwa na kulishwa, na safari ikawa jambo tunalolitaja kila Krismasi kwa sauti ndogo, kisha hata Krismasi tukaacha kulitaja. Sijawahi kusimama kwenye kaburi lake. Najua tu kwamba liko upande wa chini wa hospitali, mahali pa mteremko, penye majani ambayo watu wa misheni huyakata kwa ajili ya ng'ombe wao. Dereva aliniambia hivyo nilipomsindikiza, na nikamwomba anieleze mara ya pili ili nisisahau.